Daktari Broca na orodha ya vifo vya ukoo wa mkewe

Kila mwanamke anayeingia chumbani kwangu akiwa na uvimbe kwenye titi, namuuliza kama katika ukoo wao kuna mtu aliyewahi kuugua saratani. Mara nyingi jibu la kwanza ni hapana. Akirudi kuchukua majibu ya kinyama, tayari ameshazungumza na mama yake, na habari imebadilika. Kumbe kulikuwa na shangazi aliyefariki akiwa na kidonda kifuani, na nyumbani wakasema ni jipu. Kumbe kulikuwa na bibi aliyevimba tumbo akiwa bado na nguvu zake, na majirani wakanong'ona kwamba karogwa.

Swali hilo silo la udadisi. Linaweza kubadilisha matibabu ya mgonjwa mwenyewe, na linaweza kuokoa maisha ya mdogo wake na binti zake. Wiki hii, ndugu msomaji, nakusimulia maisha ya daktari aliyeuliza swali hilo ndani ya nyumba ya wakwe zake, zaidi ya miaka 150 iliyopita, akaandika majibu yake kwenye kitabu. Jina lake ni Paul Broca. Ukipita Paris na kuutazama mnara wa Eiffel, jina lake limo kati ya majina 72 ya wanasayansi na wahandisi yaliyoandikwa hapo.

Mtoto wa daktari wa mji mdogo

Broca alizaliwa tarehe 28 Juni 1824 katika mji mdogo wa Sainte-Foy-la-Grande, kando ya mto Dordogne, kusini magharibi mwa Ufaransa. Familia yake ilikuwa ya Waprotestanti, watu wachache katika nchi ya Wakatoliki wengi. Baba yake alikuwa daktari. Kijana alikuwa hodari wa hesabu, na alipofika miaka 17 alikwenda Paris kusomea udaktari.

Paris ya wakati huo ilikuwa na hospitali kubwa zilizojaa maskini, na madaktari walijifunza kwa kumfuatilia mgonjwa akiwa hai, kisha kumpasua baada ya kufa ili waone ugonjwa ulikuwa wapi. Hakukuwa na picha ya eksirei wala ultrasaundi. Hata dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji ilianza kutumika mwaka 1846, Broca akiwa bado mwanafunzi.

Alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1849. Tangu mwanzo alivutwa na uvimbe. Wakati wakubwa wengi wa upasuaji mjini Paris waliidharau hadubini na kuiona kama kitu cha kuchezea, yeye aliweka vipande vya uvimbe chini ya kioo na kuvitazama. Alionyesha kwamba chembe za saratani huweza kuingia kwenye mishipa ya damu na kusafiri nayo kwenda mbali na mahali zilipoanzia. Kazi yake juu ya saratani ilimpatia tuzo ya chuo cha tiba cha Ufaransa akiwa na umri wa miaka 26 hivi. Ukiona leo daktari anaagiza picha ya kifua na ultrasaundi ya ini kwa mgonjwa wa saratani ya matiti, anatafuta safari hiyo hiyo ambayo Broca aliiona kwenye hadubini.

Mgonjwa wa silabi moja

Wengi waliosoma udaktari wanalijua jina la Broca kwa sababu ya ubongo. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, aliletewa mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Mtu huyu alikuwa amekaa hospitalini hapo miaka 21. Alielewa alichoambiwa, lakini kila alipotaka kujibu alitoa silabi moja tu, tan, mara mbili mfululizo, na wenzake wodini wakampa jina hilo. Alifariki siku chache baada ya kukutana na Broca. Broca aliufungua ubongo wake, akakuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika.

Miezi michache baadaye alipata mgonjwa wa pili mwenye shida kama hiyo, na uharibifu ulikuwa mahali pale pale. Kuanzia hapo ilijulikana kwamba uwezo wa kutamka maneno una makao yake ndani ya ubongo. Sehemu hiyo bado inaitwa eneo la Broca. Kama umewahi kumuuguza mzazi aliyepata kiharusi, akawa anakusikia na kukuelewa lakini maneno hayatoki, basi umeona kwa macho yako alichokieleza daktari huyu.

Nimesimulia habari ya Leborgne ili uone namna alivyofanya kazi. Alisikiliza, akahesabu, akaandika, na hakutosheka na mgonjwa mmoja. Namna hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kwenye saratani.

Orodha ya ukoo

Mwaka 1857 Broca alioa. Mkewe, Adèle Augustine, alikuwa binti wa daktari Jean Lugol. Jina hilo manesi na watu wa maabara wanalijua vizuri. Maji ya kahawia ya Lugol, yenye madini ya joto, yalitengenezwa na baba mkwe huyo mwaka 1829. Hadi leo yanatumika kwenye vipimo vya maabara na katika uchunguzi wa shingo ya kizazi, ambapo sehemu nzima hugeuka kahawia na sehemu yenye kasoro hubaki na rangi ya manjano.

Katika ukoo wa mkewe vifo vya saratani vilikuwa vingi kupita kiasi. Katika nyumba nyingi jambo la namna hiyo hufunikwa. Mkwe mgeni haulizi, na wazee hawasemi. Broca aliuliza. Alikusanya habari za wanawake na wanaume wa ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi: nani alikufa, mwaka gani, akiwa na umri gani, na kwa ugonjwa gani. Mwaka 1866 alizichapisha katika kitabu chake kikubwa juu ya uvimbe. Kitabuni alitumia herufi badala ya majina ili kuificha familia, lakini wanahistoria wa tiba wanautambua ukoo huo kuwa wa mkewe.

Orodha inaanza na mama mmoja aliyefariki kwa saratani ya titi mwaka 1788. Mama huyo aliacha mabinti wanne. Wawili walifariki kwa saratani ya matiti, na wawili kwa kile kilichoitwa saratani ya ini. Ugonjwa ukaendelea kwa watoto wao na wajukuu. Hadi mwaka 1856, ambapo orodha inaishia, kati ya wanawake 24 wa ukoo huo, 10 walikuwa wamefariki kwa saratani ya matiti.

Hesabu za utotoni zilimsaidia hapa. Alijua kwamba ugonjwa ukiwa wa kawaida, hata bahati mbaya tu inaweza kuuleta mara mbili katika nyumba moja. Kwa hiyo alilinganisha vifo vya ukoo huo na vifo vya saratani miongoni mwa watu kwa jumla, akaona pengo ni kubwa mno. Akahitimisha kwamba kuna kitu kinachorithiwa, kinachomweka mtu karibu zaidi na saratani kuliko jirani yake. Kitu hicho ni nini, hakuweza kusema.

Mwaka huo huo wa 1866, mtawa aliyeitwa Gregor Mendel alichapisha kazi yake juu ya mbegu za njegere, akieleza jinsi sifa zinavyopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Kazi ya Mendel ilikaa bila kuthaminiwa hadi mwaka 1900.

Fikiria pia jambo hili kama mzazi. Broca alipokuwa akiandika orodha ile, alikuwa na watoto watatu, na wa kwanza alikuwa binti, aliyezaliwa mwaka 1858. Kila jina aliloliandika lilikuwa la ndugu wa damu wa mtoto wake mwenyewe. Binti huyo aliishi hadi mwaka 1935. Kutoka katika ukoo wenye saratani si hukumu, kwa sababu kila mtoto hupokea nusu tu ya vinasaba vya kila mzazi, na kinasaba kibovu kinaweza kubaki katika nusu isiyopokelewa.

Alipokosea

Maisha ya mtu huyu yana upande mwingine, na siwezi kuuruka mbele ya wasomaji wa Kiafrika. Mwaka 1859 Broca alianzisha Paris chama cha kuchunguza jamii za binadamu, na kwa miaka mingi alipima mafuvu ya vichwa vya watu. Aliamini kwamba ukubwa wa ubongo unaonyesha kiasi cha akili. Akawapanga watu kwa madaraja, Wazungu juu na Waafrika chini, wanaume juu na wanawake chini. Kazi hiyo ilikuwa na makosa, na waliomfuata waliitumia kuhalalisha dharau.

Tofauti kati ya kazi hizo mbili ni somo hata kwetu madaktari. Kwenye mafuvu alianza na jibu alilotaka, kisha akatafuta vipimo vya kuliunga mkono. Kwenye ukoo wa mkewe alianza na vifo vilivyotokea kweli, vyenye umri na mwaka, na hitimisho likaja baadaye. Hitimisho hilo ndilo lililodumu.

Hata leo nakutana na mawazo ya makundi, yakiwa yamegeuzwa tu. Mgonjwa ananiambia kwamba saratani ya kurithi ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Tafiti zilizofanyika Nigeria na Uganda miongoni mwa wanawake wenye saratani ya matiti zimekuta vinasaba vibovu vya kurithi vile vile vinavyopatikana Ulaya. Ugonjwa huu haufuati rangi ya ngozi. Unafuata ukoo.

Broca alichaguliwa kuwa seneta wa maisha mwaka 1880. Hakuufaidi useneta huo. Alifariki ghafla Paris tarehe 9 Julai mwaka huo huo, akiwa na miaka 56. Wanawe wawili wa kiume walikuwa madaktari kama yeye.

Kilichokuja baadaye

Broca aliacha swali. Majibu yalikuja kutoka pande mbili, na pande hizo mgonjwa wa leo anakutana nazo kliniki: homoni na vinasaba.

Upande wa homoni ulianzia Scotland. Daktari mpasuaji George Beatson, akiwa Glasgow, alikuwa amejifunza kutoka kwa wafugaji kwamba ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, zina uhusiano na utoaji wa maziwa. Mwaka 1895 aliziondoa ovari za mwanamke wa miaka 33 ambaye saratani ya titi ilikuwa imemrudia baada ya upasuaji na hakuwa na tiba nyingine. Uvimbe ukanywea. Mwaka 1896 alichapisha habari hiyo. Saratani ilirudi baadaye, lakini jambo moja lilikuwa limeonekana: kuna kitu kinachotoka kwenye ovari na kulisha saratani iliyo kifuani. Neno homoni lenyewe lilikuja mwaka 1905, na homoni kuu ya kike, estrojeni, ilitenganishwa mwaka 1929. Vidonge vya tamoxifen, ambavyo wengi wenu mnavijua, hufanya kazi kwa kuizuia estrojeni isishike kwenye chembe za titi.

Upande wa vinasaba ulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika koo zenye saratani nyingi ya matiti kuna kinasaba kilichopo kwenye kromosomu ya 17. Kinaitwa BRCA1, na mwaka 1994 kilipatikana chenyewe. Mwaka uliofuata kikapatikana kingine, BRCA2, kwenye kromosomu ya 13. Kazi ya vinasaba hivi ni kusaidia kurekebisha makosa ndani ya chembe. Mwanamke aliyerithi BRCA1 au BRCA2 kilichoharibika ana uwezekano wa asilimia 70 hivi wa kupata saratani ya matiti kabla hajafika miaka 80, na hatari yake ya saratani ya ovari nayo huwa kubwa. Kuwapima wale mabinti wanne wa mwaka 1788 haiwezekani, lakini nikiisoma orodha yao najiuliza kama ile saratani ya ini haikuwa saratani ya titi au ya ovari iliyokwisha kusambaa.

Vinasaba na homoni hukutana wapi

Hapa ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo twende taratibu.

Kiasi cha estrojeni mwilini hutofautiana kati ya mwanamke na mwanamke, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Umri ambao msichana anavunja ungo kwa sehemu hufuata mama yake. Umri wa kukoma hedhi pia. Estrojeni nyingi kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya matiti. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2002, uliounganisha tafiti tisa za wanawake waliokoma hedhi, ulikuta kwamba waliokuwa na estrojeni nyingi zaidi walikuwa na hatari ya mara mbili hivi kuliko waliokuwa na kidogo zaidi.

Kuna kinasaba kinachotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kiitwacho aromatase. Kazi ya kimeng'enya hiki ni kugeuza homoni za aina ya kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, kuwa estrojeni. Watu wana matoleo tofauti ya kinasaba hicho. Matoleo mengine humfanya mwanamke aliyekoma hedhi awe na estrojeni zaidi kwa asilimia 10 hadi 20. Wanasayansi walitarajia kwamba wanawake hao wangeugua saratani zaidi, lakini walipowahesabu hawakuona ongezeko la maana. Tofauti ilikuwa ndogo mno kuleta ugonjwa peke yake.

Maana yake kwako ni hii. Kuna vinasaba vichache vyenye nguvu kubwa, kama BRCA1 na BRCA2, ambavyo huonekana kwenye ukoo kama vile Broca alivyoviona bila kujua jina lake. Na kuna vinasaba vingi vyenye nguvu ndogo, vikiwemo vya homoni, ambavyo kila kimoja husukuma kidogo tu. Kwa hivi vya pili, mwenendo wa maisha una nafasi kubwa. Baada ya kukoma hedhi, estrojeni nyingi hutengenezwa kwenye mafuta ya mwili kwa kimeng'enya hicho hicho cha aromatase. Ndiyo sababu unene baada ya umri huo huongeza hatari, na mazoezi huipunguza. Pombe pia huongeza hatari, hata ikiwa kidogo. Kunyonyesha kunakinga: kila miezi 12 ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote, hupunguza hatari kwa asilimia 4 hivi.

Utafanya nini na ukoo wako

Kipimo cha vinasaba ni ghali na hakipatikani kila hospitali. Kalamu na karatasi unavyo. Kaa na mama, mama mkubwa, shangazi na bibi kama yupo, uandike kama Broca alivyoandika: nani aliugua, saratani ya nini, akiwa na umri gani. Kama jina la ugonjwa halijulikani, andika dalili alizokuwa nazo.

Usiusahau upande wa baba. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi. Kwa kuwa ugonjwa ni wa matiti, watu hudhani unatoka kwa mama tu. Baba anaweza kubeba BRCA1 au BRCA2 na kumpa binti yake bila yeye mwenyewe kuugua. Shangazi yako, dada wa baba, ana uzito sawa na mama mdogo kwenye karatasi hiyo. Andika pia saratani ya ovari, ya tezi dume na ya kongosho, kwa sababu nazo zinaweza kutoka kwenye vinasaba hivyo. Na kama kuna mwanaume wa ukoo aliyewahi kuugua saratani ya titi, mweke juu kabisa ya orodha. Wanaume huugua pia, ingawa ni wachache.

Peleka karatasi hiyo kwa daktari ukiona kwamba ndugu wawili au zaidi wa upande mmoja wameugua saratani ya matiti au ovari, au mmoja aliugua kabla ya miaka 50, au mmoja aliugua matiti yote mawili. Daktari anaweza kukupangia uchunguzi uanze mapema, na penye uwezekano akakuelekeza kwenye ushauri na kipimo cha vinasaba.

Wazazi huniuliza kama wawapime watoto wao. Kwa BRCA1 na BRCA2, watoto hawapimwi. Saratani hizi ni za utu uzima, na hakuna tiba ambayo mtoto angepewa kwa sababu ya majibu hayo. Binti akifika miaka 18 ataamua mwenyewe. Unachompa sasa ni habari za ukoo wake, kidogo kidogo, bila kumtisha.

Kwa mgonjwa ambaye tayari amegundulika, ninaomba jambo moja. Kinyama chako kikipelekwa maabara, muulize daktari kama kimepimwa vipokezi vya homoni. Saratani yenye vipokezi hivyo hulishwa na estrojeni, na vidonge vya kuizuia husaidia sana. Isiyo navyo, ambayo huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, haisikii vidonge hivyo, na huhitaji dawa nyingine. Bila kipimo hicho daktari anatibu kwa kubahatisha.

Na neno la mwisho kwa wale ambao karatasi yao imebaki tupu. Karibu saratani 5 hadi 10 tu kati ya 100 za matiti ndizo za kurithi moja kwa moja. Wanawake wengi wanaougua hawana ndugu yeyote aliyeugua kabla yao. Kwa hiyo ukoo safi hauondoi haja ya kwenda hospitali. Uvimbe mpya, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, ngozi ya titi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, vyote vinataka daktari wiki hii hii. Usisubiri viume, kwa sababu saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni.

Wanawake kumi wa ukoo ule hawakuwa na kipimo wala tamoxifen, na kuandikwa kwao hakukuwasaidia wao. Kunawasaidia walio hai. Mwishoni mwa wiki hii, mkikutana kwenye chakula au hata msibani, muulize shangazi yako bibi alikufa kwa ugonjwa gani, kisha uandike jibu lake.